Miaka Yetu ya Sitini Haikuvaa Maua

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa wadau wa utalii wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ulioitishwa kujadili pendekezo la kuutangaza mji wetu kwa kumbukumbu za enzi za mahipi, wale vijana wa Magharibi wa miaka ya sitini waliofuga nywele na kuvaa shanga. Baadhi ya walioshindwa kufika wameniomba maneno yangu, nami nayaweka hapa kama nilivyoyasoma. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha, pamoja na majibu niliyowapa vijana wa nyuma waliponitania.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu wa Dunda na Magomeni, akina mama wa batiki, wenzangu waongoza watalii, walimu na wanafunzi wa sanaa, wenye hoteli na nyumba za wageni, nanyi vijana wa ufukweni mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kukimbia: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Niliongoza wageni katika mji huu kwa miaka ishirini na saba, mpaka magoti yaliponishauri nipumzike. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyeshiba anayewakataza wenye njaa kula. Najua kukaa kivulini kutwa nzima ukisubiri basi la wageni kutoka Dar es Salaam, na likifika, wageni wanashuka, wanapiga picha tatu, wanapanda, wanarudi kulala Dar es Salaam. Najua pia kwamba vijana walioleta pendekezo hili wamechanga fedha zao wenyewe, wakanunua Kombi kuukuu, wakaipaka maua ya rangi saba. Nimekwenda kuiona. Imepakwa vizuri kuliko nyumba yangu.

Pendekezo lenyewe mmelisikia: Kombi ikae ufukweni karibu na soko la samaki, pawe na usiku wa magitaa na moto kila Jumamosi, pauzwe fulana za rangi rangi na shanga, na mabango yaseme kwamba Bagamoyo ni mahali ambapo miaka ya sitini haijaisha. Nimelitafakari kwa wiki mbili, na kila nilipolitafakari nilirudi kwenye swali lile lile. Haijaisha kwa nani? Kumbukumbu hii tunayotaka kuiuza ni ya nani?

Tuanze na mahipi wenyewe. Mwaka 1967 vijana wanaokadiriwa kufikia laki moja walimiminika katika mtaa wa Haight-Ashbury, mjini San Francisco, Marekani. Walifuga nywele, walivaa shanga, walikaa pamoja katika nyumba za kupanga na kula chakula cha bure kilichopikwa na wenzao. Walikuwa wakiikimbia vita ya Vietnam, na wakiyakimbia maisha ya wazazi wao, ambayo waliyaona kuwa ni kazi, gari na madeni ya nyumba, basi. Sina dhihaka nao. Kijana anayekataa kwenda kuua watu asiowajua ana haki ya kusikilizwa hata kama hakuoga.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka huo huo wa 1967, hata kabla kiangazi chao hakijafika, kampuni ya mabasi ilikuwa tayari ikiuza ziara za kupita mtaani pale ili wageni wawachungulie mahipi kupitia madirisha, kama tunavyowachungulia viboko kule Saadani. Magazeti na televisheni yakaja, wafanyabiashara wakaja, dawa kali zikaja, na magonjwa na njaa vikaja pamoja nazo. Basi tarehe 6 Oktoba 1967 baadhi ya wakazi wa mtaa ule wakatengeneza jeneza, wakalibeba barabarani, wakafanya mazishi ya hipi. Walitangaza kwamba hipi amekufa, na kwamba aliyemzaa tangu mwanzo ni vyombo vya habari. Ndugu zangu, wenyewe walimzika. Walimzika kabla hata mwaka haujaisha. Sisi tunataka kumfukua maiti huyo baada ya karibu miaka sitini, tumvalishe fulana, tumkalishe ufukweni Bagamoyo na kumwambia atabasamu.

Mtaniambia kwamba ipo miji inayoishi kwa kumbukumbu hizo, nayo inakula. Ni kweli. Ipo Woodstock, katika jimbo la New York, ambayo jina lake linajulikana dunia nzima kwa ajili ya tamasha la Agosti 1969 lililokusanya watu zaidi ya laki nne. Ukifika pale leo utapata fulana za rangi rangi na alama za amani katika duka baada ya duka. Jambo ambalo mgeni huligundua akiwa ameshanunua fulana ni kwamba tamasha lile halikufanyika Woodstock. Lilifanyika Bethel, katika shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo. Woodstock ilitoa jina tu. Na hata hivyo Woodstock ilikuwa na chake: wasanii walikuwa wameweka makazi yao katika vilima vyake tangu mwaka 1902, na ndiyo sababu wanamuziki wa miaka ya sitini walivutwa huko. Leo, ukitaja mji ule, ni wangapi wanaowakumbuka wale wa 1902?

Ipo pia Essaouira, katika pwani ya Moroko, mji wa bandari wenye kuta kama unavyostahili mji wa bandari kuwa. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifika huko mwaka 1969, akakaa siku chache, akaondoka. Siku chache hizo zimetosha kulisha kijiji jirani cha Diabat hadi leo, na mgeni akifika ataoneshwa magofu ya kasri lililozama mchangani na kuambiwa kwamba ndiyo yaliyompa mwanamuziki yule wimbo wake mmoja maarufu. Tatizo ni kalenda. Wimbo ule ulitoka mwaka 1967, miaka miwili kabla mtunzi wake hajaukanyaga mchanga huo.

Mnacheka. Chekeni, lakini tusiwacheke wa Diabat peke yao. Ni nani kati yetu waongoza watalii ambaye hajawazungusha wageni kwenye mbuyu wa Kaole akiwaahidi kuongezewa umri? Mimi nimewazungusha, na wengine nimewazungusha mara mbili kwa kuwa walilipa vizuri. Uongo mdogo wa kichangamsho kila mji unao. Ninalouliza leo ni jambo zito zaidi: je, tuko tayari kuifanya hadithi ya kuazima iwe jina la mji, nazo za kwetu ziwe kichangamsho?

Maana tunaye jirani ambaye mahipi walimpitia kweli. Lamu, kule Kenya, ilipokea vijana hao katika miaka ya sabini, na wako wazee wa huko wanaowakumbuka kwa sura. Kama kuna mji wa Waswahili wenye haki ya kupaka Kombi maua, ni Lamu, ingawa Kombi yenyewe isingepita katika vichochoro vyake. Lakini mwaka 2001 Lamu ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, iliingizwa kwa nyumba zake za mawe ya matumbawe, milango yake ya kuchongwa, na maisha ya Kiswahili yaliyoendelea bila kukatika kwa karne nyingi. Hakuna aliyeandika habari za magitaa. Nasi Bagamoyo, ambao njia yetu kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya kungojea ya Urithi huo tangu mwaka 2006, tunajiandaa kumpokea mkaguzi kwa kumwonesha gari la Kijerumani lililochorwa daisi?

Nihamie kwenye jambo ambalo pendekezo limelikwepa kwa ustadi, nalo ni bangi. Hapana, vijana, msiinamishe vichwa, sijamtaja mtu. Neno hilo halimo popote katika kurasa zile, lakini mgeni anayeitwa kwa sauti ya mahipi anajua anaitiwa nini, na akishuka pale ufukweni ataanza kuulizia. Ataanza kwa kumuuliza nani? Hatamuuliza mwenyekiti. Hataniuliza mimi mwenye kanzu. Atamuuliza kijana mwenye rasta, ambaye pengine amezifuga kwa imani yake na hajawahi kuvuta hata sigara.

Mji wa Kathmandu, kule Nepal, ulikuwa mwisho wa safari ndefu ya mahipi waliotoka Ulaya kwa njia ya nchi kavu, na mtaa wao ulikuwa na maduka yaliyouza bangi kwa leseni, hadharani, kama sisi tunavyouza kahawa. Mwaka 1973 serikali ikabatilisha leseni hizo. Wageni wale wakaondoka au wakaondolewa, na utalii wa mji ukahamia mtaa mwingine uitwao Thamel. Wenye nyumba za wageni katika mtaa wa zamani walibaki na majina mazuri na vitanda vitupu. Hapa kwetu hata leseni haijawahi kuwapo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina kifungu cha starehe ya mtalii, na siku polisi watakapofika kwenye moto ule wa Jumamosi, mgeni ataonywa au atapanda ndege, kijana wetu atapanda karandinga. Tunalijua hilo sote. Tunajifanya hatulijui kwa sababu maua yamepakwa vizuri.

Na kama mnadhani jambo hilo linaweza kudhibitiwa na wenyeji wenye nia njema, itazameni Christiania, kitongoji cha Copenhagen huko Denmark, kilichoanzishwa mwaka 1971 na vijana walioingia katika kambi ya jeshi iliyoachwa. Kilikuwa kivutio kikubwa kwa miaka hamsini, na watalii walifurika katika mtaa wake wa bangi. Polepole biashara ya mtaa ule ikaangukia mikononi mwa magenge, na magenge yakaleta risasi. Aprili 2024 wakazi wenyewe, wazee kwa watoto, walitoka wakayang'oa mawe ya mtaa ule kwa mikono yao ili biashara ikose pa kusimama. Fikirini mzee wa rika langu, hipi wa kweli, hipi wa asili, ameshika mtaimbo anang'oa barabara ambayo watalii wanavuka bahari kuja kuipiga picha.

Sasa nije nyumbani. Nimesema kumbukumbu ile si yetu, lakini sikusema kwamba miaka ile haikupita hapa. Ilipita. Iliwezaje kutopita? Mwaka huo huo wa 1967 ambao vijana wa San Francisco walikuwa wakijaribu kuishi pamoja na kugawana chakula, sisi huku tulitangaziwa Azimio la Arusha, tukaambiwa taifa zima litajaribu kuishi pamoja na kugawana kazi. Na vijana wetu nao walikuwa na mitindo yao. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vikapigwa vita.

Kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na suruali moja ya kubana aliyoinunua Kariakoo kwa mshahara wake wa kwanza. Alipotangaziwa operesheni hakuitupa. Aliifunga katika pakacha la nazi kavu na kuliweka darini, na usiku wa harusi za mbali na kwetu aliishusha, akaivaa chini ya kanzu, na kuivua kanzu akishafika ngomani. Mambo yakaenda hivyo kwa miezi kadhaa, mpaka siku nazi za jikoni zilipokwisha na bibi yetu akapanda ngazi mwenyewe. Alishuka na pakacha, akalifungua mbele ya wageni waliokuja kuposa, na hapo ikatoka suruali. Hakusema neno. Aliikunja, akaisokota, akaifanya ngata, na kwa mwaka mzima akaitumia kubebea maji kichwani kutoka kisimani. Kaka akawa anaitazama suruali yake ikipita mbele ya baraza asubuhi na jioni, na hawezi kuidai.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu niliwahi kumsimulia mgeni mmoja. Alikuwa bibi wa Kiholanzi, umri wake umeshapita miaka sabini, amekuja na binti yake. Nilimpeleka kwenye kanisa la misheni iliyoanza mwaka 1868, nikamweleza jinsi Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari David Livingstone, walivyouleta mwili wake hapa Februari 1874; nikampeleka Boma la Wajerumani; nikampeleka Kaole penye msikiti na makaburi ya karne nyingi. Alisikiliza kwa adabu. Tulipokaa kupumzika Kaole akaniambia kwamba mwaka 1971 alisafiri kwa basi kutoka Amsterdam hadi India, na kwamba yeye alikuwa hipi. Basi nami, kwa kuwa mtu hupewa hadithi kwa hadithi, nikampa ile ya suruali.

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuyauliza kwenye Boma: kaka alikuwa na umri gani, aliimba nyimbo gani, huyo binti aliyekuwa akiposwa siku ile aliolewa? Akaomba aoneshwe nyumba. Nikamwambia nyumba haipo, umebaki msingi na mnazi mmoja, akasema twende kwenye msingi. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko aliosimama mahali pengine popote siku ile, na kabla hatujaondoka alitoa daftari lake akaniomba nimtamkie polepole neno ngata, akaliandika.

Yule ndiye mteja mnayemtafuta. Hipi halisi alikuja Bagamoyo, na hakutaka kuoneshwa ujana wake mwenyewe, maana anao nyumbani kwenye albamu. Alitaka kujua sisi tulikuwa wapi wakati yeye yuko barabarani. Na jioni yake, tulipofika ufukweni, kijana mmoja alimletea fulana ya rangi rangi. Aliigusa, akaigeuza shingo ya fulana kutazama lebo, akasoma nchi ilikotengenezwa, akairudisha kwa upole. Hatua mia moja kutoka pale akina mama walikuwa wakifunga vitambaa na kuyeyusha nta kwa ajili ya batiki, na hakuna aliyemwambia.

Najua jibu lililoandaliwa dhidi yangu, nami nalisema kwa haki. Vijana wanasema: mzee, historia yetu ni minyororo na kitanzi, na mtalii hataki kulia likizoni. Hoja hii ina uzito, na kosa lake ni letu sisi waongozaji. Tumezoea kumpokea mgeni kwa mnyororo na kumuaga kwa mnyororo, kana kwamba mji huu haukuwahi kucheka. Jina letu lenyewe lina watu wawili ndani yake. Yupo mtumwa aliyebwaga moyo hapa kwa kukata tamaa, asijue bahari itampeleka wapi, na huyo hatuna ruhusa ya kumsahau ili fulana ziuzike. Lakini yupo pia mpagazi, Mnyamwezi aliyetembea zaidi ya kilomita elfu moja na pembe begani, akafika, akatua mzigo, akalipwa, akaoga, akacheza ngoma mpaka kuche. Ni lini mara ya mwisho tulimsimulia mgeni habari za mpagazi yule kwa furaha yake, na si kwa mzigo wake tu? Yeye naye alikuja hapa kwa nyumba za kupanga, chakula cha pamoja na muziki wa usiku, karne moja kabla ya Haight-Ashbury, na alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuchoka.

Muziki pia tunao wa kutosha. Chuo cha sanaa kilianza hapa mwaka 1981, tamasha lake likaanza mwaka uliofuata, na mwanamuziki Hukwe Zawose aliyeipeleka ilimba, ala ya muziki ya Kigogo, duniani aliishi na kufundisha katika mji huu. Usiku wa Jumamosi naukubali. Naomba tu moto ule ukokwe na wanafunzi wa chuo kwa zeze, marimba na ngoma, na gitaa likija likaribishwe kama mgeni.

Kwa akina mama wa batiki nina ombi la wazi zaidi. Msiuze kitambaa peke yake. Mgeni akae nusu siku, afunge mwenyewe, achovye mwenyewe, aharibu mwenyewe, alipie somo, kisha alipie kitambaa, na kwenye pindo paandikwe jina la mama aliyemfundisha na neno Bagamoyo. Vijana wa ufukweni wawe wapokezi wa somo hilo kwa kamisheni inayojulikana, iliyoandikwa, siyo ya kunong'onezana.

Imebaki Kombi. Mwenyekiti, nimesikia wengine wakitaka iuzwe, nami napinga. Vijana wametoa jasho lao, na barabara ya kwenda Kaole ni ndefu kwa miguu ya wageni wazee. Ibebe wageni. Ioneshe ubavuni msafara wa wapagazi, na nyuma, kama fundi ataweza, achore bibi amebeba ndoo juu ya suruali ya kubana iliyosokotwa. Vijana, leteni brashi kesho baada ya swala ya alasiri. Kopo la kwanza la rangi ni juu yangu, na nitakaa hapo hapo kwenye kiti nimwelekeze fundi jinsi ngata inavyokaa kichwani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.